Kigoma–Dar kwa ndege: acheni kugawanya kilomita za reli

Hesabu inayoletwa kwenye kaunta za tiketi ni ileile: "Dar ni kilomita 1,250, ndege inakimbia 900, basi ni saa moja na dakika ishirini na kitu." Kisha mteja anataka akatiwe ndege ya Dubai inayoondoka Dar saa moja baada ya hapo.

Namba zote mbili si za safari hii. Hizo 1,250 ni za reli ya kati, inayopinda kufuata Tabora, Dodoma na Morogoro. Angani, uwanja wa Kigoma hadi Julius Nyerere ni takriban kilomita 1,080. Na 900 ni kasi ya majeti makubwa. Ndege ya pangaboi aina ya Q400 ikishatulia juu inakwenda kama 650 kwa saa. Gawanya sasa: saa moja na dakika 40. Hujamaliza. Ikipaa na ikishuka haina kasi hiyo, ongeza dakika 10 hadi 15. Ndege kutembea ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua, ongeza 10 nyingine. Zinakaribia saa mbili. Tiketi huhesabu tangu ndege inatoka maegeshoni hadi inaposimama maegeshoni, ndiyo maana haipatani na kikokotoo cha simu yako.

Halafu kuna Dar yenyewe. Ndege za ndani hushushia jengo la pili, za nje huondokea jengo la tatu. Ukiwa na tiketi mbili zisizounganishwa, mzigo unauchukua mwenyewe, unahama jengo, unaripoti upya; ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina deni nawe. Acha nafasi ya saa nne kwa uchache kati ya ndege hizo mbili. Kama ya nje ni ya usiku, ondoka Kigoma asubuhi, hata ukishinda Dar kutwa nzima. Kulala njaa uwanjani ni nafuu kuliko kununua tiketi ya Dubai mara mbili.

Wateja huleta na madai mengine. "Ikipitia Tabora inazunguka." Haizunguki. Kigoma–Tabora ni kama kilomita 350, Tabora–Dar kama 730. Jumla ni 1,080 zilezile, kwa sababu Tabora iko karibu kabisa na mstari ulionyooka. Kinachokula muda ni kushuka, kusimama, kushusha na kupakia, kisha kupaa upya: dakika 40 hadi saa nzima.

"Dunia inazungukia mashariki, kwa hiyo wakati wa kurudi Kigoma inatusogelea." Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Upepo ndio unaoongeza au kupunguza dakika, nazo ni chache.

"Kigoma iko nyuma ya Dar kwa saa moja." Tanzania yote inafuata saa ileile. Jua huchelewa kuzama huku kwa takriban dakika 38 kwa kuwa tuko magharibi zaidi, basi. Walio nyuma kwa saa moja ni Burundi na mashariki ya Kongo, na simu ikinasa mnara wa huko hujirudisha yenyewe. Usiku wa kuamkia safari, zima mpangilio wa saa ya simu kujirekebisha yenyewe.

Na tiketi ikiandikwa 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi. Ya saa kumi na nusu jioni huandikwa 16:30.