Dafu halisafishi figo zilizoshindwa

Unguja na Pemba, mgonjwa wa figo huletewa madafu "asafishe figo". Kwa aliye kwenye dialisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine, zawadi hiyo ni hatari. Glasi moja ya maji ya dafu ina takriban miligramu 600 za madini ya potasiamu, na wagonjwa wengi wa dialisisi huwekewa kikomo cha karibu 2,000 kwa siku. Figo haziitoi tena. Mashine huitoa siku za zamu tu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Ikijilimbikiza, misuli hulegea na moyo unaweza kusimama ghafla, pengine bila dalili yoyote. Pengo refu kati ya zamu ndilo baya zaidi.

Na muhogo na ndizi mbichi, navyo vyenye potasiamu? Menya, katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, kisha yamwage, usiyafanye mchuzi. Potasiamu hupungua, haiishi.