Milima ya Usambara Haituzibii Mvua

Masika yakichelewa, ofisini kwetu huja lalamiko lile lile: milima ya Usambara inazuia mvua isifike Pemba. Msimu huu limezidi, nalo halina ukweli.

Upepo wenye unyevu ukikutana na mlima hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, kwa wastani nyuzi 6 hivi kila mita 1,000, mvuke ukawa mawingu na mvua ikanyesha upande ule ule unaopokea upepo. Upande wa pili upepo huteremka ukipata joto, maji umeshayamwaga. Huko ndiko kwenye kivuli cha mvua. Amani, Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Mkomazi, nyuma ya milima, ni nyika ya migunga.

Sasa tazameni ramani. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili hutufikia kutoka baharini kabla ya kuigusa Usambara. Kivuli huangukia kule upepo unakoelekea. Hakiwezi kurudi nyuma kikavuka mkondo wa Pemba. Tumeshalieleza hili redioni, na inasikitisha kuona lalamiko lile linaendelea kusambazwa kwenye simu kama taarifa rasmi. Tahadhari za hali ya hewa kwa umma hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa mujibu wa Sheria Na. 2 ya 2019.

Kwa Unguja, wapo wanaosema kilima cha Masingini kinaikausha Paje na Jambiani, pwani ya mashariki. Masingini haifiki hata mita 150, na mashariki ndiko upepo unakoanzia. Kwa sehemu kubwa, ukavu wa kule unatokana na ardhi: ni maweni, udongo haba juu ya mawe ya matumbawe, na maji hupenya yakapotea kabla muhogo haujayanywa.

Mwenye shaka juu ya mvua ya shehia yake atuletee vipimo kupitia kwa sheha. Kipimamvua kiwekwe mahali pa wazi, mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wa mti huo. Ndoo iliyotegwa chini ya mwembe haikubaliki. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, jicho likiwa sawa na uso wa maji, kisha kimwagwe. Siku isiyonyesha iandikwe sifuri. Ikiachwa wazi, hatuwezi kujua kama mvua haikunyesha au msomaji hakwenda, na daftari lenye mapengo hurudishwa kwa mwenyewe.