Je, wajua kwa nini rundo la Java lina mlango wa nyuma?

Toleo la kwanza la Java, lugha ya kuandikia programu, lilipotoka mwaka 1996, ndani yake mlikuwa na klasi (kiolezo cha kuundia vitu vya programu) iitwayo Stack. Kazi yake ni moja: kuwa rundo ambalo kilichoingia mwisho ndicho hutoka kwanza. Unaweka kwa push, unatoa cha juu kwa pop, basi. Sasa ingiza A, kisha B, kisha C, halafu andika removeElementAt(0). Rundo la kweli lingekataa. Hili la Java linakubali bila kinyongo: A iliyokuwa chini kabisa inachomolewa, B na C zinabaki.

Imekuwaje? Stack ilifanywa irithi klasi nyingine, Vector, ambayo ni orodha ya kawaida. Rundo linahitaji mahali pa kuhifadhia vitu, na Vector tayari ilikuwa napo. Lakini urithi hauna kuchagua. Klasi mtoto hubeba kila methodi (kitendo kama push au pop) ya wazi ya mzazi wake, hata zile zinazovunja masharti ya mtoto mwenyewe. Na kosa la namna hii halirekebishiki kirahisi, kwa sababu ukiukata urithi huo leo, programu za watu zinazoitumia Stack kama Vector zitakwama. Ndiyo maana iko vilevile hadi sasa, na nyaraka za Java zenyewe humwelekeza msomaji kwenye Deque, muundo mwingine wa Java unaoweza kutumika kama rundo.

Dawa ilikuwa ujumuishaji. Badala ya kuwa Vector, Stack ingekuwa na Vector moja ndani yake, iliyofichwa. Push ingeongeza kitu mwishoni mwa orodha hiyo, pop ingetoa cha mwisho, na mengine yote yasingeonekana nje. Siku ukitaka kutumia orodha ya aina nyingine, unabadilisha ndani tu na hakuna anayesumbuka.

Wengi hurithi ili kupunguza msimbo, na naamini kabisa kwamba hiyo si sababu ya kutosha. Cha kujiuliza ni hiki: popote panapotarajiwa mzazi, naweza kumweka mtoto na mambo yasiharibike? Wazo hilo alilieleza Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, mwaka 1987. FileNotFoundException ya Java, yaani kosa la faili kutopatikana, inafaulu mtihani huo: ni IOException (kosa la kusoma au kuandika data) kwa kila hali, na msimbo unaodaka IOException huidaka bila shida. Hapo rithi. Stack inafeli: impe mtu anayetarajia Vector, atachomeka vitu katikati, tena kwa haki yake, na rundo litakuwa limevurugika.

Kuna pia hesabu. Chukua ripoti yenye miundo 3 na njia 4 za kutumwa. Kwa urithi, kila muungano unadai klasi yake, jumla 12. Kwa ujumuishaji unaandika vipande 7, na klasi moja ya ripoti inapokea kipande kimoja kutoka kila upande. Njia ya kutuma unaweza hata kuibadilisha programu ikiwa inaendelea kufanya kazi, jambo ambalo urithi wa Java hauruhusu.

Gharama ya ujumuishaji ni kuandika methodi ndogondogo ambazo kazi yake ni kupitisha maagizo kwa kitu cha ndani. Zikiwa ishirini, zinachosha kwelikweli. Kotlin, lugha nyingine ya programu, imeiondoa adha hiyo: ukiandika neno by, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) huzitengeneza yenyewe.