Mawe ya Mwanza na ndoto ya ghorofa 30

Mwenye kiwanja Capri Point akitaka kujenga ghorofa 30, mara nyingi huanza kwa kuniambia kuwa Mwanza ni jiji la mawe, basi msingi si tatizo. Mimi ni mhandisi wa miundo, na wasiwasi wangu huanzia hapohapo.

Majabali tunayoyaona yamebebana, hata lile la Bismarck pale ziwani, ni mabaki. Maji yalipenya kwenye nyufa za granaiti, polepole yakaiozesha ikawa udongo, na katikati ya nyufa yakabaki mapande magumu ya mviringo. Ya juu yanaonekana kwa sababu udongo wake umekokolewa na mvua. Mengine yangali yamefukiwa. Mashine ya kuchoronga inagonga jiwe mita 4 chini, watu wanashangilia, kumbe chini yake ni udongo tena! Ndiyo maana nasisitiza kuingia angalau mita 5 ndani ya jiwe, na kutoboa chini ya kila nguzo nzito, siyo pembe nne za kiwanja tu. Ni gharama, nakubali. Lakini chukua jengo la mita 100 lenye kitako cha mita 20: upande mmoja ukititia sentimita 2 zaidi ya mwingine, kileleni jengo limeinama sentimita 10.

Tena mwamba mgumu si sharti. Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828, inabebwa na nguzo za zege zaidi ya 190 zilizoshuka kama mita 50 kwenye mwamba dhaifu, zikishikwa na msuguano wa ubavuni.

Jengo likishakuwa refu, anayetawala hesabu ni upepo. Lirefushe mara mbili bila kupanua kitako: upepo uleule unalisukuma kupinduka mara 4, na kilele kinayumba mara 16. Zaidi ya hapo, upepo ukipita ubavuni huacha vizingia, yaani mizunguko ya hewa, kwa zamu, kushoto kisha kulia. Zamu hizo zikilingana na kuyumba kwa asili kwa jengo, mtikisiko hukua. Dubai walibadilisha umbo la mnara kadiri unavyopanda ili vizingia visipatane. Kwenye mnara wa Taipei 101, Taiwan, wakaning'iniza tufe la chuma la tani 660 kutuliza mwendo.

Kwetu dhoruba hutoka kwenye maji wazi, bila kizuizi cha kuipunguza kasi kabla haijafika ufukweni. Upande unaopigwa hutaka kunyanyuka, na hapo granaiti, ikishathibitishwa kuwa ni mwamba mama, usio na udongo chini yake, inatufaa kweli: nondo za nanga zilizozamishwa ndani yake zinaushikilia.