Video ya wingu isiyochezeka kwenye kompyuta: kasha, kodeki na faili pungufu

Mtu akifungua video iliyoko kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive, kupitia kivinjari, ikacheza bila tatizo, kisha akaipakua na kukuta kompyuta inaikataa, huona kwamba jibu ni moja tu: faili limeharibika njiani. Mara nyingi sivyo. Hukumu hiyo ya haraka ina madhara, kwa sababu humsukuma mtu kununua programu ya kurekebisha video asiyoihitaji, au kulifuta faili la asili akidhani halina tena faida. Jambo la msingi la kufahamu ni kwamba video inayotazamwa ndani ya kivinjari na faili linalopakuliwa ni vitu viwili tofauti. Video inapopakiwa Google Drive, huduma hiyo huichakata na kutengeneza nakala nyingine, nyepesi zaidi, kwa ajili ya kutazamwa mtandaoni tu, na nakala hizo huwekwa katika mfumo ambao karibu kila kivinjari huuelewa. Anayebonyeza kitufe cha kupakua hapewi nakala hizo; hupewa faili lilelile lililotoka kwenye simu au kamera. Ndiyo maana kucheza kwa video kwenye kivinjari hakuthibitishi kwamba kompyuta itaweza kulisoma faili la asili, na vivyo hivyo ujumbe kwamba video bado inachakatwa hauna maana kuwa faili la asili lina kasoro.

Ili kujua kasoro iko wapi, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo watumiaji wengi huyachukulia kuwa kitu kimoja, yaani kasha na kodeki. Kasha ni muundo wa nje wa faili, na ndilo linalotambulishwa na herufi za mwisho wa jina lake, kama vile .mp4, .mov, .mkv au .avi. Ndani ya kasha hukaa mkondo wa picha, mkondo wa sauti, pengine na manukuu, pamoja na fahirisi inayoieleza programu kila kipande kianzie wapi na kichezwe wakati gani. Kasha la MP4 lilijengwa juu ya muundo wa QuickTime ambao kampuni ya Apple iliutoa mwaka 1991, na ndiyo sababu MP4 na MOV hufanana sana kwa ndani.

Kodeki ni kanuni ya kubana picha na sauti wakati wa kurekodi na kuzikunjua wakati wa kutazama. Umuhimu wake huonekana wazi kwa hesabu ndogo. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti 3, huchukua zaidi ya megabaiti 6. Kwa fremu 30 kila sekunde tunapata takriban megabaiti 186, na dakika moja peke yake ingefikia gigabaiti 11. Hakuna simu wala bando linaloweza kubeba mzigo huo, kwa hiyo kila video tunayoitazama imebanwa. Kodeki ya H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, inakubalika karibu kila mahali. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ilifuata mwaka 2013 na huweza kutoa picha yenye ubora uleule kwa takriban nusu ya ukubwa. AV1 ilitolewa mwaka 2018. Kasha moja la MP4 linaweza kubeba yoyote kati ya hizo tatu, nalo jina la faili halitasema ni ipi. Kwa hiyo kubadilisha jina kutoka .mov kuwa .mp4, jambo linaloshauriwa mara kwa mara, hakubadilishi chochote kilichomo ndani.

Sababu ninayoiona kuwa ya kwanza kuchunguzwa ni kodeki. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu za iPhone 7 na zilizofuata hurekodi kwa HEVC bila kumuuliza mwenye simu, na simu nyingi za Android nazo zina uwezo huo. Video kama hiyo ikipelekwa wingu na kupakuliwa kwenye kompyuta ya Windows isiyo na kiongezi cha HEVC, yaani programu ndogo ya kuisoma kodeki hiyo, dalili huwa ni sauti kusikika huku kioo kikiwa cheusi, au ujumbe wa kumtaka mtumiaji aongeze kodeki. Haki za uvumbuzi za HEVC zinamilikiwa na makampuni mengi, na matumizi yake hulipiwa. Ndiyo maana Microsoft imekuwa ikikiuza kiongezi hicho dukani kwake kwa takriban dola 1 ya Marekani. Hata hivyo hakuna ulazima wa kukinunua. Programu ya VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa, hubeba kodeki zake yenyewe, haitegemei zile za Windows, na hutolewa bure. Kabla ya hatua nyingine yoyote, faili lifunguliwe kwa VLC iliyopakuliwa kutoka tovuti rasmi ya VideoLAN, waundaji wake. Likicheza, faili ni zima, na mjadala wa kuharibika unaishia hapo.

Linaweza hata hivyo kucheza kwa kukwamakwama, sauti ikitangulia na picha ikibaki nyuma. Hilo ni suala la nguvu ya kompyuta. Kukunjua HEVC ni kazi nzito, na kompyuta za zamani hazina sehemu maalumu ya kuifanya. Kwa upande wa Intel, uwezo huo wa kawaida ulianza na vichakataji vya kizazi cha 6, vya mwaka 2015, ilhali video za biti 10, zenye viwango vingi zaidi vya rangi, zilisubiri kizazi cha 7. Kwa kompyuta iliyotangulia hapo, tiba inayofaa ni kuigeuza video iwe H.264. Programu ya HandBrake hufanya kazi hiyo kwa kubonyeza vitufe, na wanaoweza kutumia mstari wa amri, yaani dirisha la kuandikia amri, wana FFmpeg:

ffmpeg -i asili.mov -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac mpya.mp4

Amri hii hukunjua picha zote na kuzibana upya, hivyo huchukua muda na hupunguza ubora kidogo, ingawa kwa kiwango cha 18 macho ya kawaida hayaoni tofauti. Faili la asili litunzwe, kwa kuwa ubora uliopotea haurudi. Pale ambapo kodeki inakubalika na tatizo ni kasha peke yake, kwa mfano video ya H.264 iliyo ndani ya MKV na programu ya kuhariri inayokataa MKV, hakuna haja ya kubana upya. Amri ifuatayo huhamisha mikondo kutoka kasha moja kwenda jingine bila kuigusa, nayo humalizika kwa muda mfupi sana:

ffmpeg -i asili.mkv -c copy mpya.mp4

Ikiwa VLC nayo imeshindwa, swali linalofuata ni kama faili limefika lote. Kuna hali ambayo faili huonekana kwenye folda, likiwa na jina na ukubwa wake, na huku halimo kabisa kwenye diski. OneDrive, hifadhi ya wingu ya Microsoft, ilianza kufanya hivyo kwenye Windows 10 mwaka 2017: alama ya wingu dogo kando ya jina humaanisha kwamba kilichopo ni kivuli tu cha faili, na maudhui yatashushwa litakapofunguliwa. Intaneti ikiwa dhaifu au haipo, kicheza video husubiri hadi kikate tamaa na kutoa ujumbe wa kosa. Dawa ni kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili, kuchagua kwamba libaki daima kwenye kifaa, kisha kungoja wingu ligeuke kuwa alama ya tiki ya kijani.

Hali nyingine ni upakuaji kukatika katikati, jambo linalofahamika vyema kwa yeyote anayetegemea bando la simu kushusha video ya harusi yenye gigabaiti kadhaa. Faili ambalo jina lake linaishia na .crdownload kwenye Chrome au .part kwenye Firefox bado halijakamilika, na kulibadilisha jina hakulikamilishi. Ni vyema kufungua maelezo ya faili kwenye wingu na yale ya faili kwenye kompyuta, kisha kulinganisha ukubwa. Nasisitiza ulinganifu wa idadi kamili ya baiti inapowezekana, kwa sababu mfumo mmoja huhesabu kilobaiti kuwa baiti 1,000 na mwingine 1,024, na hivyo tarakimu zilizofupishwa huweza kutofautiana hata kama faili ni lilelile. Anayetaka uhakika zaidi, na aliyetuma akiwa bado ana faili la asili, kila mmoja anaweza kutekeleza amri hii kwenye Windows na kulinganisha mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokea:

certutil -hashfile video.mp4 SHA256

Mfuatano ukilingana, safari ya kwenda wingu na kurudi haikuharibu kitu.

Ikiwa faili la dakika ishirini lina kilobaiti chache tu, huenda si video hata kidogo. Baadhi ya viungo, hasa vile vinavyodai kuingia kwenye akaunti au ambavyo faili lake limepakuliwa na watu wengi kupita kikomo, hurudisha ukurasa wa wavuti wenye ujumbe wa kukataa, na programu za upakuaji huuhifadhi ukurasa huo kwa jina la video. Ukilifungua faili hilo kwa Notepad, utasoma ujumbe wenyewe. Vilevile, anayepakua folda nzima kutoka Google Drive hupewa ZIP, na folda kubwa hugawanywa katika ZIP kadhaa. Zote zishushwe na kufunguliwa kwenye folda ya kawaida, wala video isichezwe ikiwa bado ndani ya ZIP. Anayehamishia kwenye flashi akumbuke kwamba mfumo wa FAT32 haupokei faili la gigabaiti 4 au zaidi, na flashi hiyo italazimika kuumbizwa upya kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo.

Baada ya yote hayo hubaki faili lililoharibika kweli, na hapa fahirisi niliyoitaja mwanzoni ndiyo kiini cha jambo. Katika MP4 fahirisi hiyo hukaa kwenye sehemu iitwayo moov, na picha zenyewe hukaa kwenye mdat. Kamera haiwezi kuandika fahirisi kamili kabla ya kujua video itaishia wapi, hivyo kwa kawaida huiandika mwishoni, mtu anapobonyeza kitufe cha kusitisha. Betri ikiisha ghafla, au kadi ikichomolewa wakati wa kurekodi, gigabaiti nzima za picha huwepo bila ramani ya kuzisoma. Upakuaji uliokatika nao huleta matokeo yaleyale, kwa kuwa kipande kilichokosekana ndicho kilichobeba fahirisi. Inawezekana asilimia 99 ya faili imefika na hata sekunde moja isichezeke. FFmpeg hulitaja kosa hili waziwazi kwa maneno «moov atom not found». Huu ndio udhaifu unaowafanya wanaorekodi vipindi virefu kwa programu ya OBS kupendelea MKV, kasha ambalo hata likikatwa ghafla, sehemu iliyokwisha kuandikwa hubaki inasomeka.

Faili la aina hii likiwa kwenye kompyuta pekee, huku la wingu likiwa na ukubwa kamili, lipakuliwe upya. Likiwa pungufu hata kwenye wingu, ziangaliwe nakala za awali: Google Drive huhifadhi matoleo ya faili lililobadilishwa kwa siku 30, na faili lililofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30 pia. Baada ya muda huo mlango hufungwa, kwa hiyo uchunguzi huu usiahirishwe.

Njia hizo zikigonga mwamba, ipo programu ya bure iitwayo untrunc. Huhitaji video nyingine nzima iliyorekodiwa kwa kamera ileile na kwa mipangilio ileile, kisha hujifunza kutoka kwayo jinsi mikondo ilivyopangwa na kujaribu kuijenga upya fahirisi ya faili lililoharibika. Programu nyingi za kulipia hudai video ya mfano kwa sababu hiyohiyo. Hakuna hata moja inayoweza kurejesha baiti ambazo hazikuwahi kuandikwa au kufika, na matangazo yanayoahidi hivyo yasiaminiwe. Mwenye kamera ajulishwe mapema pia, maana huenda rekodi bado iko kwenye kadi ya kumbukumbu hata kama ameifuta. Asirekodi kitu kingine juu ya kadi hiyo. Aitoe, aiweke kwenye kompyuta na kuipitisha kwenye PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, na vitakavyopatikana avihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile.