Seva Ikiganda, Usikimbilie Kuchomoa Umeme

Tangu masika yaanze, kitengo chetu hapa Tanga kinapokea lalamiko lile lile: "Mtandao ulikufa, tukachomoa umeme, ukarudi." Haukufa. Na mlipochomoa umeme mlifuta ushahidi.

Huo ni mkwamo wa kufuli ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux; kufuli huruhusu kazi moja tu kugusa kitu kwa wakati mmoja. Wavuvi wa Deep Sea, diko letu hapa Tanga, wananielewa: mmoja kashika ngalawa anangoja kasia, mwenzake kashika kasia anangoja ngalawa, na hakuna anayeachia. Kufuli linalosumbua zaidi ni rtnl, linalolinda mipangilio ya kadi zote za mtandao. Mtu anazima kadi. Kerneli inashika rtnl, kisha draiva, programu inayoendesha kadi hiyo, inangoja kazi iliyoiweka foleni iishe. Kumbe kazi hiyo nayo inaomba rtnl. Hapo ni mpaka Kiyama. Ping, yaani kuuliza kama mashine ipo mtandaoni, inaweza kuendelea kujibiwa, kwa kuwa kupitisha pakiti hakuhitaji rtnl, lakini `ip link`, amri ya kuona na kubadili kadi hizo, inaganda na hata `kill -9`, amri ya kuua programu kwa nguvu, haiiondoi. Tafadhali, acheni kutuandikia kuwa ni virusi.

Utaratibu: usizime. Subiri dakika nne, si mbili. Kerneli huuhesabu mchakato (programu inayoendeshwa) kuwa umekwama baada ya sekunde 120, ila hukagua kwa vipindi, hivyo taarifa huweza kuchelewa. Kisha, ukiwa ruti (mtumiaji mwenye mamlaka yote), andika `echo w > /proc/sysrq-trigger` ili michakato iliyokwama iorodheshwe pamoja na mahali ilipokwamia. Hifadhi `dmesg` (rekodi ya ujumbe wa kerneli) yote, si picha ya simu yenye nusu skrini, na utaje toleo la kerneli. Ombi lisilo na rekodi hiyo hurudishwa. Likirudi mara ya pili, linakwenda mwisho wa foleni, hata kama bosi wako amepiga simu.

Sisi hurudia kosa kwenye mashine ya majaribio yenye lockdep, zana ya kerneli ya kukagua kufuli iliyoingia Linux mwaka 2006. Inakumbuka kufuli lipi lilishikwa kabla ya lipi, na mpangilio ukigeuzwa hulalamika hata kabla ya mkwamo kutokea. Kwa hiyo "mbona inafanya kazi?" si hoja. Someni onyo la kwanza, maana baada ya hilo lockdep hujizima. Msiiwashe kwenye seva ya kazi; itakuwa nzito.

Walio ng'ambo ya mto Pangani watume rekodi kwa barua pepe. Hakuna haja ya kupanga foleni ya kivuko.