Baridi yabisi, lupasi na virusi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jina lenyewe limetupotosha. Mwambie mtu ana baridi yabisi, mawazo yake yatakimbilia sakafu yenye baridi, kuoga alfajiri, feni ya usiku kucha. Baridi inaweza kuwazidishia baadhi ya watu maumivu, lakini haiuanzishi ugonjwa huu, ambamo kinga ya mwili huugeukia utando wa ndani wa viungo na kuushambulia. Lupasi ni ndugu yake: humo nako kinga huushambulia mwili wenyewe, viungo vikiwamo. Siku hizi lawama za magonjwa haya zimehama, zinaangushiwa virusi. Safari hii kuna ukweli ndani yake, ila umechanganyika na mengi yasiyo kweli.

"Nilishikwa na mafua makali, wiki mbili baadaye viungo vikaanza. Mafua ndiyo yaliyoniletea lupasi."

Hii ndiyo ngumu kuliko zote kuing'oa, kwa kuwa mgonjwa ameyaona kwa macho yake: kwanza mafua, kisha maumivu. Lakini alichokiona ni mpangilio wa siku tu.

Jeshi la Marekani huhifadhi sampuli za damu ya askari wake kwa miaka mingi. Watafiti waliwachukua askari 130 waliogundulika kuwa na lupasi, wakarudi ghalani kuipima damu waliyoitoa walipokuwa bado wazima, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Askari 115 kati yao tayari walikuwa na kingamwili (protini za kinga) za kuushambulia mwili wao wenyewe kabla ugonjwa haujatambuliwa. Kwa wastani zilikuwapo kwa zaidi ya miaka 3, na nyingine zilionekana zaidi ya miaka 9 kabla. Muda wote huo watu hawa walikuwa kazini, hawana habari.

Kwa hiyo mafua ya mwezi uliopita huenda yalichochea kitu, lakini mara nyingi yalikuta mambo yameshaanza zamani.

"Basi virusi havihusiki kabisa."

Hapa nako ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Chukua kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa London mwaka 1964 katika chembe za uvimbe wa saratani zilizotumwa kutoka Uganda. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho. Huambukizwa kwa mate, mara nyingi utotoni, kisha kikajificha kimya ndani ya chembe za kinga hadi mwisho wa maisha. Kwa wagonjwa wa lupasi, hata walio vijana, hukutwa karibu kwa kila mmoja.

Maelezo mojawapo yanayotajwa sana ni ya kufanana. Sehemu za protini ya kirusi hiki zinashabihiana na sehemu za protini za mwili, na kinga ikishajifunza kukiwinda inaweza kukosea. Ni kama mlinzi aliyepewa picha ya mwizi anayefanana na mwenye nyumba.

Lakini jiulize: ikiwa karibu sote tunacho, mbona lupasi ni adimu? Kwa sababu kirusi peke yake hakitoshi. Kuna urithi, kuna homoni (takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa lupasi ni wanawake), na kwa baridi yabisi kuna sigara, ambayo ningependa itajwe mara nyingi kuliko inavyotajwa. Urithi nao hauamui peke yake. Pacha mmoja wa kufanana akipata baridi yabisi, mwenzake huipata katika jozi 15 hivi tu kati ya 100.

"Viungo vikivimba baada ya homa, umeshapata ugonjwa wa maisha."

Mara nyingi sivyo. Mtoto anapata homa kidogo, mashavu yanakuwa mekundu kama aliyezabwa kibao, baada ya siku chache anarudi kucheza. Muda si mrefu mama yake anaamka vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa, hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Hicho kinaweza kuwa kirusi cha parvo B19. Ukiitazama mikono hiyo utaapa ni baridi yabisi, na hata kipimo cha damu kinaweza kukubaliana nawe. Ila kwa wengi huisha ndani ya wiki chache, bila kuula mfupa.

Chikungunya ni king'ang'anizi zaidi. Ilielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa 1952 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania ya leo, na jina lake la Kimakonde linahusu kujikunja, jinsi maumivu yanavyompinda mtu. Homa huondoka kwa siku chache, lakini vifundo vya miguu na mikono vinaweza kuuma kwa miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka.

Ndiyo maana madaktari huutazama muda: uvimbe unaopita wiki 6 huwafanya wafikirie zaidi ya virusi vinavyopita. Hiyo si ruhusa ya kukaa nyumbani ukihesabu. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, pamoja na homa, ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda kimeingiwa na bakteria.

"Kipimo kimesoma chanya, kwa hiyo ninao."

Kingamwili iitwayo RF, inayopimwa kutafuta baridi yabisi, hupatikana pia kwa watu wengi wenye homa ya ini aina ya C, ambayo yenyewe huleta maumivu ya viungo. Na homa hiyo inapona: vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya 95 kati ya 100. ANA nayo, kingamwili inayopimwa kutafuta lupasi, kwa kiwango cha chini huonekana kwa watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Karatasi ya maabara bila dalili haitoshi kusema una ugonjwa.

"Lupasi inaambukiza." Hapana. Kirusi kinaweza kuambukizwa, lupasi haiambukizwi.

"Kinga yangu imeshuka, natafuta dawa ya kuiongeza."

Kinga haijashuka. Iko macho kupita kiasi, na imekosea adui. Wanaouza vidonge na unga wa "kuongeza kinga" wanamwuzia mgonjwa petroli ilhali nyumba inaungua. Matibabu halisi hufanya kinyume: huituliza kinga.

Na hapo habari ya virusi inarudi kwa mlango wa nyuma. Kinga ikitulizwa, virusi vilivyolala huamka. Mkanda wa jeshi, yaani kirusi cha tetekuwanga kilichojificha kwenye mishipa ya fahamu, huwapata wagonjwa hawa mara nyingi zaidi. Chanjo zisizo na kirusi hai, kama sindano ya mafua, wanazihitaji kuliko wengine. Zenye kirusi hai, kama ya surua au homa ya manjano, kwa kawaida huepukwa na anayetumia dawa kali za kutuliza kinga. Homa ya ini aina ya B iliyokaa kimya miaka mingi inaweza kulipuka ikaliharibu ini. Kwa hiyo ukienda kulalamikia magoti ukakabidhiwa fomu ya kupima ini, usidhani daktari amekuchanganya na mgonjwa mwingine.